Maji Yanakwenda Wapi? Kisa cha Landrova ya 1997 Iliyokuwa Ifumuliwe Hedi

Mzee aliingiza Landrova yake gerejini kwangu Ngamiani Jumatatu asubuhi, na kabla hatujasalimiana vizuri akashusha dumu la lita 20 kutoka nyuma. Nikamwamkia, akaitikia, akaomba kiti. Dumu akaliweka katikati yetu kama mtu aliyekuja na shahidi.

"Huyu ndiye abiria wangu wa kila siku, mgosi," akasema. "Na halipi nauli."

Gari ni Landrova Defender 110, tunayoiita One Ten, ya mwaka 1997, injini ya dizeli ya 300Tdi, silinda nne, lita 2.5. Kazi yake ni Amani na Muheza, Muheza na Amani. Inashusha iliki, mdalasini na pilipili manga, inapandisha simenti, mabati na watu. Aliyewahi kupanda ile barabara siku ya mvua anajua kwa nini watu wa kule hawaziuzi hizi Landrova. Injini haina kompyuta, pampu ya dizeli ni ya Bosch ya kizamani, na waya wa kuzimia ukikatika unaurudisha kwa kisu na selotepu.

Malalamiko yalikuwa mafupi. Gari linakunywa maji. Safari moja ya kwenda na kurudi inamaliza lita moja na nusu, siku ya mzigo mzito mbili. Chini ya gari hakuna tone. Mipira ya rejeta imebadilishwa, klipu zimebadilishwa, kifuniko cha tangi la maji kimebadilishwa. Gereji aliyopita kabla yangu ilimwambia gasketi ya silinda hedi imekwisha, hedi ishuke ikapigwe skimu, yaani uso wake ukanyooshwe kwa mashine. Wakati anachanga pesa, wakamtolea themostati, ile valvu inayofungulia maji njia ya kwenda kwenye rejeta yakipata moto, "ili injini ipoe".

Fundi wa kule hakubahatisha ovyo. Bloku ya injini hii ni chuma cha kusubu, hedi yake ni aluminiamu, na ikichemka vibaya mara moja tu hedi hupinda. Gari linalopoteza maji bila kuvuja, mara nyingi kweli ni hedi. Mimi mwenyewe ningepewa maelezo hayo kwa simu ningesema hivyohivyo. Tatizo ni kwamba hakuna aliyepima. Kufungua hedi ni kazi ya siku tatu nne, gasketi mpya, bolti mpya, skimu, na kwenye injini ya umri huu hujui utakatia bolti gani njiani. Mtu haendi mbali hivyo kwa dhana.

Nikaanza na yale yasiyogharimu kitu. Oili kwenye kijiti ilikuwa nyeusi ya kawaida, haina weupe wa maziwa. Kifuniko cha kujazia oili ndani kisafi. Tukawasha asubuhi injini ikiwa baridi, tangi la maji wazi: hakuna mapovu. Ekzosti haikutoa moshi mweupe wa kuendelea. Mpira wa juu wa rejeta, baada ya gari kulala usiku mzima, ulikuwa laini. Gesi ya silinda ikiingia kwenye maji, mara nyingi mpira ule huamka mgumu kama fimbo. Mpaka hapo hedi ilikuwa haijashtakiwa kwa lolote.

Halafu nikafanya kosa, na naliandika kwa sababu lilinigharimu jina kidogo kwa yule mzee. Nilizunguka na gari mpaka Pongwe na kurudi, nikaliegesha likiwa la moto, nikatandika maboksi chini, nikalala chini yake na tochi nusu saa nzima. Boksi lilibaki kavu. Nikamwambia Mzee aendelee na kazi, aandike kila lita anayoongeza, arudi baada ya wiki. Alirudi baada ya siku nne. Hakuandika kitu. Alilipiga dumu teke dogo, likalia wazi.

Kosa langu lilikuwa kutafuta maji kwenye injini ya moto. Mfumo wa maji ukiwa umefungwa una presha ya kama baa moja, na maji yake yanaweza kuzidi nyuzi 100 bila kuchemka. Yakipata mwanya mwembamba yakatoka nje, presha inaondoka ghafla, yanageuka mvuke palepale kwenye chuma cha moto, na feni inaupeperusha. Hakuna kinachofika kwenye boksi. Kinachobaki ni alama tu, nayo ukitaka kuiona lazima ujue pa kuangalia.

Mara ya pili gari lililala gerejini. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla jua halijapiga mabati, nikaitoa mashine yangu ya kupimia. Naiita mashine, lakini ni kifuniko cha zamani cha tangi la maji nilichotoa valvu yake ya ndani, nikakitoboa, nikafunga valvu ya tairi isiyo na tyubu na kijigeji pembeni. Upepo unatoka kwenye pampu ya baiskeli. Tanga hii pampu ya baiskeli haikosekani nyumba yoyote. Ukipampu polepole mpaka 15 kwenye geji (ni psi, karibu baa moja) unakuwa umeipa injini presha inayoipata ikiwa njiani, ila baridi, na maji yakitoka yanabaki kuwa maji. Usizidishe. Ukifika 25 kwa hamu ya kuona, utapasua kitu kilichokuwa kizima, na kitu hicho huwa ni rejeta.

Tukafika 15. Nikamwagiza kijana wangu chai. Baada ya robo saa geji ilisoma 13, na lisaa lilipotimia ikasoma 9. Basi kuna pa kutokea, na hapo nilikuwa na njia mbili tu za kuwaza: nje ya injini au ndani ya silinda.

Ya ndani tuliimaliza kwanza, kwa sababu ndiyo iliyomnyima Mzee usingizi. Tuliacha presha ikae, tukafungua hita plagi zote nne, zile za kupashia silinda moto wakati wa kuwasha, tukazungusha injini kwa stata huku kijana ameshika karatasi nyeupe mbele ya matundu. Silinda iliyoingiwa na maji ingeyatema hapo. Karatasi ilipata madoa ya masizi na uvundo wa dizeli, basi. Nikamwonesha Mzee ile karatasi. Akaikunja, akaitia mfukoni. Sijui aliipeleka wapi, ila nadhani naijua gereji iliyooneshwa.

Yakabaki ya nje. Sehemu zinazoonekana zote zilikuwa kavu: mipira, rejeta, tundu la kulilia la wota pampu (likilowa, sili ya pampu imekufa), mipira ya hita inayoingia kwenye ukuta wa kebini. Sasa kwenye injini hii, mbele, kuna kitu kinaitwa hauzingi, pande moja la aluminiamu linalobeba vitu vitatu: wota pampu, alteneta na pampu ya stering. Hauzingi hiyo imefungwa kwenye bloku, na katikati yake na bloku maji yanapita. Kinachoyazuia yasitoke ni gasketi ya karatasi yenye umbo la herufi P. Wanaozijua hizi injini wanaiita hivyohivyo, gasketi ya P. Ukisimama mbele ya gari huioni. Alteneta imeifunika, feni imeifunika alteneta, rejeta imefunika vyote. Ukilala chini huioni pia.

Nikaosha eneo lile kwa mafuta ya taa, nikalikausha kwa kompresa, kisha nikachukua poda ya mtoto, nikaiminya kopo lake mpaka bloku yote upande ule ikawa nyeupe. Tukarudisha presha. Simu nikaiwasha video na tochi, nikaiteremsha kichwa chini nyuma ya alteneta, nikairudisha juu kila dakika tano. Video ya kwanza haikuwa na kitu. Kwenye ya nne, kona ya chini ya hauzingi, ulionekana mchirizi mmoja mwembamba umekata ile poda, kama jasho kwenye uso wa bibi harusi. Pembeni yake, chini ya poda, kulikuwa na alama kongwe za kahawia na ukoko mweupe. Maji yalikuwa yakipita hapo kwa miezi.

Mzee aliitazama video mara mbili. "Yaani hapo tu?"

Hapo tu. Lakini kufika hapo ndiyo kazi yenyewe.

*

Kijana wangu alitaka tushushe rejeta. Kwa injini nyingine ningemkubalia bila neno: rejeta ikitoka unapata nafasi ya mikono miwili na macho mawili, na dakika arobaini ulizotumia kuitoa unazirudisha maradufu. Kwa gari hili nilikataa, na tulibishana.

Rejeta ya 300Tdi kwenye One Ten inapoza maji na pia oili ya injini. Kuna mabomba mawili ya chuma yanayoleta oili, na nati zake za chuma zimekaa ndani ya aluminiamu kwa karibu miaka thelathini. Chuma na aluminiamu vikikaa pamoja kwenye unyevu, hasa huku pwani, vinashikana kama ndugu wa tumbo moja. Ukizungusha nati, haizunguki peke yake, inazunguka na uzi wa rejeta. Nimeshawahi kuua rejeta ya mtu kwa namna hiyo nikiwa natengeneza kitu kingine kabisa, na niliilipa mimi. Kwenye gari la umri huu kila bolti unayoigusa inaweza kukuongezea kazi, kwa hiyo sichagui njia yenye nafasi kubwa, nachagua yenye bolti chache zilizooza. Rejeta ikabaki. Tuliingiza kipande cha plaiwudi mbele ya mapezi yake ili spana ikiteleza isiyachane, tukatoa kava la feni, tukatoa feni.

Nati ya feni ni namba 32 na inataka spana nyembamba, ambayo sina. Ninayo ya kawaida niliyoikwangua kwa grainda mpaka ikaingia. Watu wengi wanaikaza nati hii wakidhani wanaifungua. Huna haja ya kukariri ni uzi wa kulia au wa kushoto: feni inazunguka kuelekea wapi injini ikiwaka? Huko ndiko nati inakofungukia. Spana ikae, kisha pigo moja kavu la nyundo, si kuvuta.

Kabla hatujaigusa belti tulilegeza bolti za puli ya wota pampu na ya pampu ya stering. Belti ndiyo inayozishika puli zisizunguke. Ukishaitoa utabaki unaishikilia puli kwa bisibisi na kusali. Betri tulikuwa tumeshaitoa waya hasi. Alteneta ikatoka. Pampu ya stering hatukuifungua mipira yake, tuliinyanyua nzima na oili yake tukaifunga pembeni kwa kamba ya katani. Nilisema kwa utani kwamba Tanga bado tuna matumizi ya katani, Mzee hakucheka. Alifanya kazi shambani mkonge ulipokuwa mkonge.

Hauzingi ikaonekana. Bolti zake hazilingani urefu, na ukimrudisha mrefu kwenye tundu la mfupi utagonga mwisho wa tundu na kuipasua aluminiamu ukidhani unakaza. Nilichora umbo la hauzingi kwenye ubavu wa boksi, na kila bolti iliyotoka tukaichomeka kwenye nafasi yake pale kwenye boksi. Zote zilikubali, nyingine kwa kulia, isipokuwa moja.

Hiyo moja iko chini, ndani, nyuma kabisa ya mahali alteneta inapokaa, upande uleule wa mchirizi. Kichwa chake unakigusa kwa ncha ya kidole cha kati, ukiwa umelala juu ya mbele ya gari na shavu limekaa kwenye kava la taimingi. Kukiona na kukigusa kwa wakati mmoja haiwezekani. Kwa hiyo ilikuwa soketi ya 13, ekstensheni ndefu, jointi katikati yake, na kijana amenishikia kioo cha kunyolea ili nijue kama soketi imekaa kweli au imening'inia kwenye kona moja. Soketi iliyokaa nusu ndiyo inayokula kichwa cha bolti, na kichwa kikiliwa mahali pale umeshinda njaa.

Nikajaribu. Ilikuwa kama kufungua mwamba wa Amboni. Nikaacha.

Kuacha ni sehemu ya kazi ambayo wateja hawapendi kuilipia. Tulimwagia mchanganyiko wa asetoni na oili ya stering, nusu kwa nusu, tukairudia jioni, tukairudia asubuhi. Siku ya pili nilichukua mtungi mdogo wa gesi nikaipasha moto hauzingi kuizunguka bolti, si bolti yenyewe. Aluminiamu hupanuka karibu mara mbili ya chuma kwa joto lilelile, kwa hiyo tundu linapanuka kuliko kilichomo. Kitambaa kilicholowa maji kilifunika kila kitu cha mpira kilichokuwa jirani, na kijana alisimama na ndoo ya mchanga, maana mipira ya dizeli iko pale pale. Kwanza niliikaza kidogo. Kukaza kabla ya kufungua kunaivunja ile kutu bila kuisokota bolti kwa nguvu zote upande mmoja. Ikatoa mlio. Nikageuza, ikaja robo mzunguko, nikarudisha, nikaja tena, nikasema moyoni imekubali.

Ikakatika.

Mzee alikuwa amekaa palepale kwenye kiti chake. Aliisikia. Hakuuliza, aliniangalia tu.

Nilimwambia ukweli: kama imekatikia kichwani, tumebahatika, na kama imekatikia ndani ya bloku, tutaonana wiki ijayo. Kioo kilionesha kichwa kimebaki ndani ya soketi. Shina la bolti limebaki refu, limepita ndani ya hauzingi mpaka kwenye bloku. Kilichokuwa kimeshikana si uzi wa bloku, ni shina na tundu la hauzingi: unga mweupe wa aluminiamu iliyooza umejaa katikati kama saruji. Basi hauzingi ilitakiwa ivuliwe kwenye shina hilo taratibu, kama pete kwenye kidole kilichovimba. Ukipenyeza bisibisi katikati ya hauzingi na bloku na kubinua, unafika haraka, lakini unaacha kovu pale pale gasketi inapokaa. Tulitumia kipande cha mti wa mpera na nyundo, huku na huku, kidogo kidogo, na moto kila baada ya dakika chache. Ilichukua saa moja na zaidi. Ilipotoka ilitoka na harufu ya maji yaliyolala.

Shina lilibaki limechomoza kwenye bloku kama sentimita mbili. Hapo mambo yalikuwa mepesi, ila umeme ulikuwa umeondoka tangu saa saba, ukarudi karibu na magharibi. Jirani yangu mchomeleaji alikuja, akavalisha nati kwenye ncha ya shina, akaijaza kwa fimbo ya milimita 2.5. Joto la kuchomelea lenyewe linafanya nusu ya kazi. Tulisubiri wekundu uondoke, nikaweka spana, shina likatoka kwa mkono mmoja. Uzi wa bloku ulikuwa mzima kabisa. Nikaupitisha tepu ya M8, ile ya kukatia uzi, kuusafisha tu.

*

Gasketi ya zamani ilikuwa imeliwa kwenye kona ya chini, upana wa punje ya mchele. Maji yaliyokuwa ndani yalikuwa rangi ya chai ya rangi. Nilimuuliza Mzee anajaza nini. Maji. Maji gani? "Ya mtoni nikiwa juu, ya kisima nikiwa huku."

Hapo ndipo ugonjwa ulipoanzia, miaka mingi kabla ya ile gasketi. Kulanti watu wanaiona kama maji ya rangi ya kuuzia ujanja, na kweli dukani kuna chupa ambazo ni maji ya rangi tu. Lakini kulanti halisi, pamoja na kupandisha kiwango cha kuchemka, ina dawa za kuzuia kutu. Injini hii ina chuma cha kusubu, aluminiamu, shaba na bolti za chuma, zote zimeloweka kwenye maji mamoja. Maji ya kisima cha pwani yana chumvi, na chumvi inawasha umeme mdogo kati ya metali hizo. Inayoliwa kwanza ni aluminiamu. Ndiyo maana hauzingi ilikuwa na vishimo na bloku haina.

Vishimo vile nilivikagua muda mrefu kuliko kitu kingine chochote kwenye kazi hii. Uso wa hauzingi niliusafisha kwa wembe, si kwa grainda wala brashi ya waya ya kuzungusha, maana aluminiamu inatafunwa haraka na ukishachimba bonde hakuna gasketi itakayolijaza. Kisha nikabandika msasa laini juu ya kioo cha dirisha na kuusugua uso mzima kwa kuzungusha, kidogo tu, nione palipo chini. Vishimo viwili vilibaki. Kimoja kilikuwa pembeni, hakina neno. Cha pili kilikuwa kimefika karibu nusu ya upana wa gasketi. Kingevuka kutoka upande wa maji mpaka nje ningeikataa hauzingi. Hakikuvuka. Nilikijaza gundi ya chuma ya mirija miwili, nikaiacha usiku kucha, nikaipiga msasa tena kwenye kioo.

Gasketi mpya ilitumwa kutoka Dar kwenye basi. Bei yake ilikuwa ndogo kuliko chai ya watu watatu waliokuwa wakiisubiri. Ningeweza kuikata mwenyewe kwenye karatasi ya gasketi, kwa kuilaza kwenye hauzingi na kuigonga kingo kwa nyundo ya kichwa cha duara, nimezikata nyingi. Safari hii sikutaka. Uso ulikuwa na kasoro tayari, sikutaka kuongeza ya pili. Nikapaka silikoni nyembamba pande zote mbili, nyembamba kweli, kama siagi ya mtu bahili. Silikoni ikizidi inaminyikia ndani, inakatika vipande, inaenda kuziba rejeta. Bolti mpya zote, zimepakwa grisi ya shaba kwenye mashina lakini si kwenye uzi wote, zimekazwa kwa Nm 25 kwa kuvukiana, katikati kwenda nje. Ile ya chini tuliikaza ya kwanza kwa mkono kabla hauzingi haijabanwa na zenzake, vinginevyo huipati tena.

Wota pampu niliirudisha ileile. Kijana alishangaa: tumefika mpaka huku, kwa nini tusibadilishe? Kwa sababu shafti yake haina mchezo, tundu lake la kulilia ni kavu, na siku ikifa inatolewa kwa mbele bila kuigusa hauzingi. Kuitoa pampu nzima ya asili na kuweka ya boksi la rangi nzuri nisiyoijua imetoka wapi, hapana. Nilibadilisha gasketi yake tu.

Themostati nayo ilirudi, ya nyuzi 88. Mzee alisita, maana aliambiwa ndiyo inayochemsha. Nikamweleza: injini hii ina njia ya mkato inayozungusha maji bila kupita kwenye rejeta, na themostati ikifunguka inaiziba hiyo njia. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi siku zote, na maji mengine ya moto yanarudi kwenye injini bila kupoa. Juu ya mlima asubuhi injini inachelewa kupata moto, inakula dizeli. Kwenye mlima mkali wa mchana na mzigo, haipoi inavyotakiwa. Alisikiliza, akasema sawa, lakini akaiomba ile nafasi ya kuiweka mwenyewe. Nikampa. Aliiweka vizuri, na kijitundu chake cha kupumulia kiko juu.

Mfumo unachukua lita kama 11. Tulitoa maji ya zamani, tukasuuza mara tatu, tukajaza kulanti nusu na maji ya mvua nusu. Pua ya gari tuliipandisha kwenye kichuguu cha kifusi mbele ya gereji, tukafungua plagi ya juu ya rejeta na ile ya juu ya nyumba ya themostati, tukajaza polepole huku kijana akiuminya mpira wa juu mpaka mapovu yakaisha. Upepo ukibaki ndani unakaa hedini, na hapo ndipo utapata ile gasketi ya hedi iliyokuwa imetabiriwa.

Asubuhi iliyofuata, injini baridi, pampu ya baiskeli. Geji ilisoma 15. Lisaa lilipotimia ikasoma 15. Nikamwita Mzee aje aione mwenyewe, akaigonga kwa kucha kama mtu anayeshuku saa imesimama.

Alirudi baada ya wiki mbili na safari kumi na moja, hesabu yake mwenyewe, safari hii kaandika kwenye daftari la shule. Kaongeza maji mara moja, chini ya nusu lita. Nikapima tena. Ikaanza 15, ikamaliza lisaa na 14. Poda ya mtoto, tochi, simu kichwa chini. Hauzingi ilikuwa kavu kabisa. Mchirizi ulikuwa nyuma, kwenye mpira wa hita, pale unapoingia ukutani nyuma ya injini, klipu ya zamani ya waya imelegea. Presha ilipozibiwa mlango wa mbele ikatafuta wa nyuma. Hapo nako mkono haufiki, mpaka utoe kava la nozeli na ulale juu ya injini na plaizi ndefu.

Mzee akatazama, akashusha dumu, akaligeuza juu chini, akakalia.

"Leta hiyo plaizi," akasema.